Si Kila Kifo cha Kuku ni Kideri
Somo la vikundi: jinsi ya kuchunguza magonjwa ya virusi

Somo letu safari hii ni la kuku. Tunaomba lisomwe kwa sauti mkutanoni, polepole, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni. Kama kuna mwanachama asiyejua kusoma, asiachwe nyuma, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayewajua kuku kuliko sisi wenye kalamu.

Tutaanza na kisa kilichotupata sisi wenyewe, na ambacho hatujivunii.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2018 kikundi kimoja cha akina mama tunaowahudumia kilinunua vifaranga 150 wa kienyeji walioboreshwa. Pesa zilikuwa za mchango wa kila juma pamoja na mkopo mdogo. Vifaranga waliwekwa katika bruda nzuri, wakachanjwa kideri kama tulivyofundisha. Mama mmoja alitumwa mjini kununua hiyo chanjo.

Wiki ya 4 vifaranga wakaanza kufa. Katibu wa kikundi, mama mwenye bidii, aliandika katika daftari lake. Siku ya kwanza walikufa 2. Siku ya pili 9. Siku ya tatu 21. Siku ya nne 14. Siku ya tano 5. Siku ya sita 1. Kisha vifo vikakoma. Jumla walikuwa 52.

Walipotupigia simu, sisi tulijibu palepale bila kwenda kuona: "Hiyo ni kideri." Mwenyekiti akauliza, "Lakini si tulichanja?" Hatukuwa na jibu. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema chanjo za siku hizi ni maji tu. Wengine wakasema yule mama aliyetumwa mjini alinunua chanjo iliyoharibika, akaweka baki ya pesa mfukoni. Mama wa watu akaacha kuja mkutanoni.

Afisa wa mifugo wa kata alikuwa amechukua vifaranga wawili siku ile ya tatu akawapeleka maabara. Majibu yaliletwa ofisini kwetu. Tunasema kwa aibu: yaliingia katika faili, yakakaa.

Agosti ilipofika, wachanjaji wa kideri walizunguka kijijini. Kikundi kile hakikutoa hata kuku mmoja. "Ya nini? Tulichanja, wakafa." Disemba watu wakaleta kuku kutoka sokoni kwa ajili ya Krismasi, na kideri ya kweli ikaingia nao. Kati ya kuku 98 waliokuwa wamebaki, walipona 7.

Ndipo tukafungua faili. Vifaranga wa mwanzo hawakuwa na kideri hata kidogo. Walikuwa na gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi ambao una chanjo yake peke yake. Chanjo ya kideri ilikuwa nzima. Yule mama hakuiba. Jina moja lililotajwa ovyo kwa simu ndilo lililowafanya watu wakatae chanjo, na kule kukataa ndiko kulikomaliza kuku wao.

Hili ndilo somo letu. Ugonjwa ukipewa jina kabla ya kuchunguzwa, hasara huja mara mbili.

VIRUSI NI NINI?

Magonjwa ya kuku huletwa na vitu vya aina nyingi. Kuna minyoo na viroboto, ambavyo tunaviona kwa macho. Kuna bakteria, vijidudu vinavyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Na kuna virusi, ambavyo ni vidogo kuliko bakteria kwa mbali sana. Virusi haviwezi kuzaana peke yao. Ni lazima viingie ndani ya chembe za mwili wa kuku, vizitumie, viziharibu.

Zamani watafiti walivitambua kwa kuchuja. Mwaka 1911, huko New York, Marekani, Peyton Rous alichunguza kuku wa mfugaji aliyekuwa na uvimbe. Alisaga ule uvimbe, akachuja maji yake kwa chujio lisilopitisha bakteria wala chembe za mwili, kisha akawadunga kuku wengine. Nao wakaota uvimbe. Kumbe kilichopita katika chujio kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa mzee. Ujuzi huo wote ulianza na kuku mmoja aliyepelekwa kuchunguzwa badala ya kutupwa.

Kwetu sisi wafugaji jambo kubwa ni hili: antibiotiki haziui virusi. Zile paketi za unga tunazonunua agroveti tukachanganya na maji ya kunywa husaidia pale penye bakteria. Kwa kideri au gumboro haziponyi. Huenda zikazuia bakteria wanaoingia juu ya ugonjwa, lakini virusi vitaendelea na kazi yao. Dawa ya virusi vya kuku ni chanjo inayotolewa kabla, pamoja na usafi.

MAGONJWA MANNE YA VIRUSI TUNAYOKUTANA NAYO

1. Kideri. Kwa jina la kitaalamu huitwa Newcastle, kwa sababu ulielezwa katika mji huo wa Uingereza miaka ya 1926 na 1927. Hapa Kenya uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1935. Hushika kuku wa umri wote, vifaranga hata majogoo wazee. Kuku hukohoa au kuhema kwa shida, huhara kijani, hulegeza mabawa, wengine hupinda shingo au kupooza. Mayai hupungua ghafla. Penye kuku wasiochanjwa, karibu wote wanaweza kufa.

2. Gumboro. Jina limetoka kwa mahali paitwapo Gumboro, huko Delaware, Marekani, ambako ulielezwa mwaka 1962. Hushika zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Wanajikunyata, manyoya yanasimama, wanahara majimaji meupe, wengine wanajidonoa nyuma. Vifo hupanda kwa siku 3 au 4, kisha hushuka upesi. Ubaya wake mwingine ni kwamba huharibu kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la kinyesi, mahali ambapo askari wa mwili wa kuku hufunzwa kazi. Kifaranga aliyepona hubaki na kinga dhaifu, na hata chanjo nyingine huenda zisimshike vizuri. Virusi hivi ni vigumu kufa. Vinaweza kukaa katika nyumba ya kuku zaidi ya miezi 3.

3. Ndui ya kuku. Huonekana kama vipele na magamba juu ya kilemba, kando ya macho na mahali pasipo manyoya. Huenezwa sana na mbu. Wakati mwingine vidonda huota ndani ya kinywa na koo, kuku akashindwa kula na kuhema.

4. Marek. Umeitwa kwa jina la József Marek wa Hungaria, aliyeueleza mwaka 1907. Kuku hupooza miguu au bawa; mara nyingi utamwona amelala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Ndani huota uvimbe. Chanjo yake hutolewa siku kifaranga anapoanguliwa, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Sasa angalieni jambo moja. Kuhara, kujikunyata na kukataa chakula huonekana katika karibu magonjwa yote. Kipindupindu cha kuku huua ghafla, nacho huletwa na bakteria. Taifodi ya kuku vilevile ni bakteria. Koksidiosi, ambayo si bakteria wala virusi, hushika vifaranga wa umri uleule wa gumboro, na mara nyingi huhara damu. Hayo matatu yana dawa. Kwa hiyo mtu anayesema "ni kideri tu, hakuna la kufanya" huenda anawaacha kuku ambao wangepona.

KIKUNDI KICHUNGUZE NAMNA GANI?

Kuna sehemu ya kazi ambayo ni yetu, na kuna sehemu ya maabara. Yetu ni kuona, kuuliza na kuandika. Fanyeni hivi siku ileile mnapoona ugonjwa.

Kwanza, andikeni umri. Je, wanaokufa ni vifaranga peke yao au wakubwa pia? Katika kisa chetu, kuku wazee wa jirani walikuwa wakitembea katika boma lilelile na hakuna aliyekufa. Kama tungeuliza hilo swali moja tu, tungesita kusema ni kideri.

Pili, hesabuni wafu kila siku, kama alivyofanya yule katibu. Hesabu zilizopanda upesi zikashuka upesi zinaonyesha njia moja. Hesabu zinazoendelea juma baada ya juma, na kuingia boma la jirani, zinaonyesha njia nyingine. Daftari lile la shilingi chache lilikuwa na ushahidi wote. Hatukuliomba.

Tatu, ulizeni kuhusu chanjo. Chanjo gani, tarehe gani, na ilibebwa vipi kutoka dukani? Chanjo nyingi za kideri zinataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikibebwa ndani ya matatu bila barafu, imekufa njiani. Kama ilitiwa katika maji ya kunywa, je, maji yalikuwa na klorini ya mfereji?

Nne, ulizeni ni nini kimeingia. Kuku mpya kutoka sokoni? Mgeni aliyekuja na zawadi ya jogoo? Trei za mayai, makreti, gari la mnunuzi? Kwa kawaida kideri hujitokeza siku 2 hadi 15 baada ya kuingia. Rudini nyuma kwa kalenda, mhesabu.

Tano, angalieni dalili bila haraka. Shikeni kalamu, andikeni mlichoona, si mnachodhani. Andika "amepinda shingo, kinyesi kijani". Usiandike "ana kideri".

Sita, mwiteni afisa wa mifugo. Kideri na homa ya ndege ni magonjwa ambayo sheria inataka yatolewe habari. Msimpasue kuku wenyewe. Homa ya ndege inaweza kufanana na kideri kwa macho, nayo huweza kumshika binadamu. Januari mwaka 2017 majirani zetu wa Uganda waliipata kwa ndege wa porini na kuku, na Kenya ikasimamisha kuku kutoka huko kwa muda. Hata virusi vya kideri vinaweza kuwasha macho ya mtu aliyeshika kuku wagonjwa. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha nawa kwa sabuni.

KUPELEKA KUKU MAABARA

Serikali ina maabara kuu ya mifugo huko Kabete, na maabara za maeneo kama vile Karatina, Nakuru, Eldoret, Kericho, Mariakani na Garissa. Afisa wa mifugo atawaambia iliyo karibu, gharama yake, na siku nzuri ya kupeleka.

Kinachofaa zaidi ni kuku 2 au 3 walio wagonjwa lakini bado wako hai, na ambao hawajapewa dawa. Kama ni mfu, awe amekufa saa chache zilizopita. Kuku aliyelala juani tangu jana ameoza. Hapo maabara haitaona kitu. Mfu atiwe katika mfuko wa plastiki, ufungwe, utiwe katika mfuko wa pili, kisha katika ndoo au kasha lenye barafu. Msimgandishe kama nyama ya friza, maana kuganda huharibu viungo vinavyotakiwa kuangaliwa. Msimbebe juu ya mapaja katika matatu pamoja na abiria na kuku wengine.

Pelekeni na karatasi yenye mambo haya: jina la kikundi na mahali, idadi ya kuku wote, wagonjwa na wafu, umri, siku ugonjwa ulipoanza, dalili, chanjo na dawa zilizotolewa. Bila karatasi hiyo mtaalamu anapapasa gizani.

HUKO MAABARA WANAFANYA NINI?

Watu wengi hudhani kuna mashine moja ambayo kuku akiingizwa, jina la ugonjwa linatokea. Sivyo. Kwanza mtaalamu humpasua kuku na kutazama viungo. Katika kideri anaweza kuona damu iliyovuja katika tumbo dogo lililo kabla ya firigisi. Katika gumboro hutazama kile kifuko tulichokitaja, kama kimevimba au kimenywea. Hiyo ni dalili yenye nguvu, lakini bado si ushahidi wa mwisho.

Kisha, kwa kuwa virusi havioti katika chakula cha maabara kama bakteria, hupandwa ndani ya yai. Huchukuliwa yai lenye kifaranga kinachokua, la siku 9 hadi 11, kutoka kwa kuku wasio na ugonjwa. Hudungwa maji yaliyotokana na kuku mgonjwa, kisha yai hurudishwa kwenye joto. Kwa siku kadhaa humulikwa kwa taa kuona kama kifaranga cha ndani kimekufa. Halafu maji ya yai hilo huchanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku. Virusi vya kideri vina tabia ya kuzishikamanisha. Lakini virusi vya homa ya ndege vina tabia hiyohiyo! Kwa hiyo hutiwa maji ya damu yenye kinga ya kideri. Kushikamana kukizuiliwa, basi mwizi ameshikwa kwa jina lake.

Siku hizi kuna pia kipimo cha PCR, kinachosoma alama za urithi za virusi na kutoa jibu upesi zaidi. Lakini hata hicho kinahitaji sampuli nzuri. Mambo haya huchukua siku, wakati mwingine wiki. Kwa hiyo mkingojea msikae bure.

WAKATI WA KUNGOJEA

Fungieni kuku wagonjwa mbali na wazima. Mtu mmoja tu awahudumie, aanze na wazima, amalizie wagonjwa. Wafu wachomwe au wazikwe shimo refu, mbwa wasifukue. Msinunue wala kuuza kuku.

Hapo kwa kuuza tunajua panauma. Mama ana karo ya kulipa, anaona kuku wameanza kulegea, anasema, "Heri niwapeleke soko kabla hawajafa." Hasara hiyo tunaijua. Lakini kuku huyo wa shilingi mia chache ataingia boma la mjane mwingine, na kule ataua wote. Kumpenda jirani kunafika hata kwenye soko la kuku. Kikundi kikiwa na mfuko wa dharura, hapa ndipo mahali pake.

MAJIBU YARUDI MKUTANONI

Mapema mwaka 2019 tulirudi kwa kikundi kile tukiwa na ile karatasi. Tuliisoma mbele ya wote na tukaomba msamaha. Yule mama alikuwa ameitwa, akaketi nyuma karibu na mlango. Tulipomaliza alisema, "Nilijua sikuiba. Lakini sikuwa na la kuonyesha." Mwenyekiti alisimama akaenda kumshika mkono.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni ofisini: jibu la maabara haliwekwi katika faili kabla ya kusomwa kwa wenye kuku. Nanyi mkipeleka kuku, mwulize jibu litamfikia nani, na mlifuate.

Kikundi kile sasa kinachanja gumboro na kideri, kila moja kwa ratiba ya afisa wa mifugo. Kwa kuku wa kienyeji wanaozurura, kideri huchanjwa kwa tone moja jichoni, na kurudiwa kila miezi 3 au 4. Kuna chanjo iitwayo I-2 ambayo huvumilia joto kuliko zile za kawaida, nayo inafaa vijiji visivyo na friji. Hata hivyo ifichwe jua. Na yule mama ndiye anayeshika chupa ya matone.

Mithali 27:23 humhimiza mfugaji aijue hali ya wanyama wake. Kujua huko huanza na kuangalia, kuuliza na kuandika. Jina la ugonjwa lije mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mara ya mwisho kuku walipokufa kijijini kwetu, tuliuita ugonjwa huo nini? Nani alisema, na alijuaje?

2. Je, kuna mtu aliyelaumiwa kwa vifo hivyo? Kulikuwa na ushahidi?

3. Tumewahi kutumia pesa ngapi kwa dawa bila kujua ugonjwa? Linganisheni na nauli ya kupeleka kuku wawili maabara.

4. Nani katika kikundi chetu atashika daftari la kuku? Liwe na safu hizi: tarehe, umri, wagonjwa, wafu, dalili, chanjo.

5. Maabara iliyo karibu nasi iko wapi, na namba ya afisa wa mifugo anayo nani? Msifunge mkutano kabla ya kujibu hili.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.